Tairi za gari la mbio kwenye njia ya Sandoa: la kuchagua kabla ya kutoka Kolwezi

Kwenye lami ya Kolwezi, tairi pana yenye ubavu mfupi hufanya kazi yake vizuri. Shida inaanza siku gari linapogeuzwa kuelekea magharibi, kwenda kusalimia familia Sandoa. Hapo tairi, kuliko injini, ndiyo inayoamua kama watu watafika.

KOLWEZI – Mandhari hii haishangazi mkaaji yeyote wa Kolwezi. Gari dogo la mbio, limeoshwa vizuri, limeinuliwa juu ya jeki kando ya barabara. Tairi moja imelazwa chini, ubavu wake umepasuka. Kwado anaigeuza mara mbili, anapitisha kidole kwenye mpasuko, kisha anatikisa kichwa. Tobo la msumari angeliziba. Ubavu uliopasuka hauzibwi.

Kwa mwenye gari, maswali yanaanza hapo. Anunue tairi moja, mbili au nne? Arudishe saizi ileile aliyokuta kwenye gari siku alipolinunua? Na kama mwezi wa kumi na mbili amepanga kupeleka watoto kwa bibi yao Sandoa, je, tairi iliyotengenezwa kwa ajili ya lami ndiyo itakayomfikisha?

Pesa ya shaba na kobalti imeleta katika jimbo la Lualaba magari ya kila aina, na kati yake yako yale ambayo vijana hupenda: Volkswagen Golf GTI, Subaru Impreza, Toyota Mark X, BMW. Mengi yanafika yakiwa yameshatumika Japani au Ulaya. Yalitengenezwa kwa barabara za huko, na tairi zake vilevile.

Barabara mbili katika jimbo moja

Lualaba ilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Mtu akitoka Kolwezi kuelekea mashariki, anashika lami hadi Likasi na Lubumbashi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kamyo za madini ni nyingi na mashimo hayakosi, lakini ni barabara ambayo gari la mbio linaielewa.

Upande wa magharibi ni habari nyingine. Sandoa iko kwenye mto Lulua, na hata ndege ikiruka moja kwa moja kutoka Kolwezi, umbali ni kama kilomita 300. Gari, ambalo haliruki, lina njia ndefu zaidi, kupitia Mutshatsha na Kasaji. Reli inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo na Angola inapita mbali upande wa kusini na haifiki Sandoa. Kwa hiyo wagonjwa, wanafunzi, mahindi, sabuni na wageni wa matanga, wote wanategemea barabara.

Baada ya lami kwisha, sehemu kubwa ya njia hiyo ni udongo mwekundu na mchanga. Wakati wa kiangazi kuna vumbi, mawe yaliyojitokeza na mchanga mlaini. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kuna matope na mifereji mirefu iliyochimbwa na magurudumu ya kamyo. Safari nyingi za familia hufanyika mwisho wa mwaka, yaani katikati ya mvua hizo.

Tairi ya mbio inatoa nini, na inadai nini

Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyosimamisha gari, kuligeuza kwenye kona na kulishika wakati wa mvua. Ndiyo maana tairi za magari ya mbio, kama Michelin Pilot Sport, Bridgestone Potenza au Pirelli P Zero, zina mpira unaonata zaidi, uso mpana na ubavu mfupi ulio mgumu. Dereva akigusa usukani, gari linajibu mara moja. Akikanyaga breki kwenye lami, gari linasimama mapema zaidi.

Faida hizo zina gharama yake. Mpira unaonata huisha haraka kuliko ule wa tairi ya kawaida. Na ubavu mfupi hauna nafasi ya kujikunja. Gurudumu likianguka kwenye shimo, tairi yenye ubavu mrefu hubonyea na kurudi. Ile yenye ubavu mfupi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na chuma cha rimu. Nyuzi za ndani hukatika, na baadaye uvimbe kama yai hutokea ubavuni. Tairi yenye uvimbe huo inaweza kupasuka wakati wowote, hata kwenye barabara nzuri. Rimu ya aluminiamu nayo hupinda au kupata ufa.

Magari ya rali yanavyofanya

Kuna watu ambao kazi yao ni kwenda mbio kwenye udongo, na wao hawatumii tairi za aina hii. Mashindano ya dunia ya rali, WRC, yalirudi Kenya mwaka 2021 kwa Safari Rally, kwenye njia za vumbi na mawe kuzunguka Naivasha. Magari yale, yaliyo kati ya magari ya rali yenye nguvu zaidi ulimwenguni, huvaa rimu za inchi 18 na tairi fupi za ubavu yanaposhindana kwenye lami ya Ulaya. Yakija kwenye udongo, huvua rimu hizo na kuvaa za inchi 15, zenye tairi ya ubavu mrefu.

Injini haibadiliki, dereva habadiliki. Kinachobadilika ni kipimo cha gurudumu, kwa sababu njia imebadilika. Kama timu zenye mainjinia wengi na pesa nyingi zinapunguza rimu kabla ya kuingia kwenye udongo, mwenye Golf anayekwenda Sandoa hana haja ya kuona haya akifanya hivyo.

Kusoma ubavu wa tairi

Jibu la swali la saizi limeandikwa kwenye tairi yenyewe. Chukua mfano wa 225/45 R17 91W. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni asilimia: ubavu una urefu wa asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 101. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 91 ni uzito ambao tairi moja inaweza kubeba, yaani kilo 615. Namba 94 ingekuwa kilo 670. Herufi ya mwisho ni mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Hakuna atakayefika mwendo huo kwenye njia ya Sandoa, lakini herufi inaeleza pia jinsi tairi inavyovumilia joto. Si vizuri kushuka chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha mafuta.

Volkswagen Golf ya kizazi cha tano inaonyesha vizuri jinsi ya kubadilisha bila kuharibu. GTI ilitoka kiwandani na 225/45 R17. Golf za kawaida za kizazi hichohicho zilitumia 205/55 R16 au 195/65 R15. Ukipiga hesabu, kipenyo cha gurudumu zima ni karibu kilekile kwa zote tatu: kati ya milimita 632 na 635. Kwa hiyo kipimo cha mwendo kwenye dashibodi hakidanganyi na gari halishuki. Lakini ubavu unapanda kutoka milimita 101 hadi 113, kisha hadi 127. Zaidi ya sentimita mbili na nusu za mpira zinaongezeka kati ya jiwe na chuma.

Kuna mpaka mmoja ambao fundi lazima aupime kabla pesa haijatoka mfukoni. Magari ya mbio yana breki kubwa, na breki kubwa haziingii ndani ya rimu ndogo. Golf GTI inaweza kukubali rimu ya inchi 16, lakini ile ya inchi 15 itagusa breki. Inabidi pia kuhakikisha kwamba idadi ya tundu za bolti, nafasi kati yake, na jinsi rimu inavyoingia au kutokeza nje, vinalingana na gari. Njia rahisi ni kutafuta rimu za asili za modeli ndogo ya gari hilohilo, kisha kujaribisha moja kwenye gurudumu la mbele kabla ya kununua zote.

Tairi za okazyoni: mtego wa bei

Kwa wengi, tairi mpya ya mbio ni ndoto, na bei yake hupanda kadiri rimu inavyokuwa kubwa. Wanageukia tairi za okazyoni zilizotumika Ulaya. Baadhi bado ni nzuri. Nyingine zilitupwa huko kwa sababu.

Jambo la kwanza la kutafuta ni tarehe. Baada ya herufi DOT, kuna namba nne mwishoni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama hazionekani upande wa nje, ziko upande wa ndani. Mpira huzeeka hata kama tairi haijatembea: unakauka, unakuwa mgumu na nyufa ndogo zinatokea. Michelin inashauri tairi iliyofikisha miaka mitano ya matumizi ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ibadilishwe ikifikisha miaka kumi tangu itengenezwe, hata kama inaonekana nzima.

Ulimwengu ulikumbushwa jambo hilo tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji wa filamu za magari Paul Walker alipokufa katika California, Marekani, ndani ya Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake Roger Rodas, ambaye naye alikufa. Wachunguzi walisema sababu ilikuwa mwendo mkubwa mno, kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali panaporuhusu 72. Walisema pia kwamba tairi za gari hilo zilikuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba zilipunguza uwezo wa gari kushika barabara.

Jambo la pili ni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Hiyo ni tairi ya majira ya baridi. Mpira wake umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7, na Kolwezi haina theluji. Kwenye lami yenye joto, tairi hiyo inalegea, inaisha haraka na gari linasimama mbali zaidi. Mistari yake bado mirefu humdanganya mnunuzi, kwa sababu anaona tairi kama mpya.

Jambo la tatu ni ndani ya tairi. Mnunuzi aombe kuiona kabla haijavalishwa kwenye rimu. Viraka karibu na ubavu, nyuzi zinazoonekana, au unga mweusi wa mpira uliosagika ndani ni dalili kwamba iliwahi kuendeshwa bila upepo. Tairi kama hiyo haifai kubeba familia.

Mbili au nne?

Ikiwa pesa inatosha tairi mbili tu, wengi huziweka mbele, kwa kuwa magari mengi huvutwa na magurudumu ya mbele. Watengenezaji wa tairi wanashauri kinyume: zile mpya ziwekwe nyuma. Mbele ikiteleza kwenye maji, dereva anaihisi kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hajafanya lolote.

Kwa Subaru na magari mengine yanayovutwa na magurudumu yote manne, hesabu ni kali zaidi. Tairi zikitofautiana, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinachoka mpaka kuharibika. Subaru inataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi zote nne isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Anayebadilisha moja tu kwa kuokoa pesa anaweza kulipa gharama ya gia.

Mwenye tairi zenye mshale ubavuni akumbuke kwamba zinazunguka upande mmoja tu. Zikivalishwa kinyume, mistari yake haisukumi maji nje inavyotakiwa. Na kina cha mistari hiyo ni uhai wakati wa mvua. Tairi mpya ya gari dogo huwa na milimita 7 au 8. Vijinundu vidogo vilivyo ndani ya mistari vinaonyesha milimita 1,6, ambayo ni mwisho unaokubaliwa katika nchi nyingi, lakini chini ya milimita 3 gari tayari linaanza kuelea juu ya maji kwa urahisi zaidi.

Kwa kwado, kabla ya safari

Kuna mazoea ya barabarani ambayo hayafai kwa tairi za namna hii. La kwanza ni kuweka mpira wa ndani katika tairi isiyouhitaji, ili kuokoa tairi iliyochoka. Mpira huo hujisugua ndani ya tairi ya ubavu mfupi, unapata joto, na ukitoboka upepo wote unatoka kwa mara moja. La pili ni kuziba tobo lililo ubavuni. Kiraka kinashika kwenye uso unaogusa barabara, si kwenye ubavu unaojikunja kila mzunguko.

La tatu ni kupima upepo kwa macho au kwa teke. Tairi ya ubavu mfupi huonekana imejaa hata ikiwa imepungukiwa, na ile iliyopungukiwa ndiyo inayopasuka kwenye shimo. Upepo upimwe asubuhi, tairi ikiwa baridi, kwa kipimo cha kweli, kufuata namba za mtengenezaji kwa gari lililojaa watu na mizigo. Wengine hupunguza upepo ili kuvuka mchanga. Kwa tairi ya ubavu mrefu jambo hilo husaidia, mradi pampu iwepo ya kurudisha upepo baadaye. Kwa tairi fupi linaharibu rimu.

Mwisho, kuna tairi ya akiba. Magari mengi ya mbio hubeba ile nyembamba ya muda, ambayo haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa na imetengenezwa kwa kufika garaji ya karibu. Kati ya Kasaji na Sandoa, garaji ya karibu inaweza kuwa mbali mno. Anayekwenda huko anahitaji gurudumu zima la akiba, la saizi ileile na yale manne.

Uamuzi

Mpira si mgeni katika nchi hii. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea mwisho, misafara ya Wachokwe ilikuwa ikibeba mpira wa porini kuelekea pwani ya Angola, katika miaka ileile ambayo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi yake ya upepo, mwaka 1888. Leo mpira unarudi kutoka ng'ambo ukiwa umeandikwa namba, na anayezisoma anaokoa pesa.

Anayeishi Kolwezi na safari zake zinaishia Likasi au Lubumbashi anaweza kubaki na saizi ya kiwandani, akachagua tairi ya kiangazi inayosifiwa kwa breki kwenye maji, na kuacha zile za uwanja wa mashindano ambazo karibu hazina mistari. Anayekwenda Sandoa mara moja au mbili kwa mwaka atafaidika na seti ya pili: rimu ndogo kuliko zote zinazokubaliwa na breki zake, tairi ya ubavu mrefu, na zile pana zikabaki nyumbani hadi atakaporudi. Na anayekwenda kila mwezi, tairi pekee haitamsaidia, kwa sababu gari lenyewe liko chini mno kwa mifereji ya kamyo. Gharama ya rimu na tairi ingefaa zaidi kuwekwa akiba kwa ajili ya gari la juu, au kulipia nafasi katika gari la abiria.

Kwa yule aliye na seti moja tu na matanga hayasubiri, kinachobaki ni mguu wake mwenyewe. Apime upepo alfajiri na apakie gurudumu la akiba. Pale lami inapokwisha apunguze mwendo, kwa sababu shimo linalokunja rimu kwa kilomita 60 kwa saa mara nyingi hupitika salama kwa 20.